Swali la Mama wa Mtoto Mchanga

Taa ikizimika ghafla, mtu hujikwaa kwenye kigoda chake mwenyewe, ndani ya chumba alichokizoea miaka nenda miaka rudi. Kigoda hakijahama, yeye ndiye asiyekiona. Waliotutangulia walilijua hilo waliposema kuwa usilolijua ni usiku wa kiza. Jambo usilolifahamu laweza kukuangusha hata likiwa limelala miguuni pako.

Palikuwa na fundi mmoja wa programu za kompyuta aliyeingia katika usiku huo mchana kweupe. Nyumbani walimwita Bi Kimya, kwa kuwa tangu utotoni hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi katika ghorofa ya juu, kwenye chumba ambamo pazia jeupe lilivimba kwa upepo na kunywea taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi wa pono. Humo alikuwa ametengeneza programu ya kuwajibu kina mama waliojifungua. Mama aliandika swali katika simu yake, programu ikatafuta ukurasa unaofaa katika mwongozo wa zahanati, kisha modeli ya lugha, yaani ile mashine iliyofunzwa kuandika kama binadamu, ikatunga jibu. Majibu yalikuwa laini kama pamba. Bi Kimya aliyasoma huku akitabasamu, na wakati mwingine alijihisi kama anayeelea juu ya mawingu.

Zahanati yenyewe ilikuwa chini ya mkunga mmoja, dada wa mumewe. Mawifi hao walipendana kwa utani. Mkunga alizoea kumwambia kwamba mashine yake ina adabu kuliko mumewe, maana angalau ikiulizwa hujibu.

Asubuhi moja ya mvua, wifi yake alimpigia simu bila utani wowote. Mama mmoja alikuwa ameuliza kuhusu homa ya mwanawe wa wiki tatu, akajibiwa ampe vinywaji kwa wingi na kumwangalia hadi kesho yake. Kumbe mtoto wa umri huo akipata homa hangojewi. Hupelekwa zahanati papo hapo. Heri mama yule aliingiwa na shaka alipoona mtoto amekataa kunyonya, akamleta mwenyewe. Mtoto alikuwa amelazwa, na hali yake ilikuwa bado ya wasiwasi.

"Wifi, nimeifunga huduma," mkunga alisema. "Sitaifungua mpaka uniambie kwa nini. Usiniambie imetengenezwa. Niambie kwa nini."

Bi Kimya alikaa mbele ya kompyuta. Akaandika: mtoto wa wiki tatu ana homa, nifanye nini? Jibu likaja sawasawa: mpeleke zahanati sasa hivi. Akauliza tena, na tena, na kila mara jibu likawa lile lile lililo sahihi. Siku zilizofuata aliiongezea modeli maagizo, akiisihi iwe makini, akiikataza kukosea, mithili ya mtu anayemnong'onezea aliyelala. Mvua iliteleza juu ya vioo, na mji wote ukaonekana kama uko chini ya maji. Hakujua kama alikuwa anatengeneza kitu au anaota.

Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, alimtazama kwa muda, kisha akavuta kiti. Akamuuliza ni kitu gani hasa modeli ilipewa siku ile.

"Ilipewa swali la yule mama," Bi Kimya akajibu.

"Umeona, au unadhani?"

Kweli, Bi Kimya hakuwa ameona. Alichokijua ni swali lililoingia na jibu lililotoka. Yaliyopita katikati hakuwahi kuyatupia jicho.

Basi Miwani akamwonyesha namna ya kuanza kufuatilia nyayo. Haikuwa kazi ya kutoa jasho. Waliongeza mistari michache ya msimbo wa programu, ili kila hatua iandike kilichoingia, kilichotoka na muda uliotumika, na hatua zote za swali moja zikafungwa kwa alama moja zisije zikachanganyika na za wengine. Kabla ya yote, Bi Kimya alimwomba wifi yake ruhusa, na akahakikisha majina na namba za simu za kina mama yanafutwa kabla ya chochote kuhifadhiwa, kwani siri ya mzazi ni amana.

Kisha akauchukua ujumbe wa mama yule kama ulivyoandikwa, akaupitisha upya.

Hatua zilijipanga kwenye skrini, moja chini ya nyingine. Hatua ya kwanza ilikuwa na ujumbe mzima: salamu, pole za mvua, habari za mama mkwe aliyesafiri, na katikati ya hayo yote, mtoto wa wiki tatu. Hatua ya pili ilikuwa ya kufupisha. Kilichotoka humo kilikuwa kifupi mno: "Mtoto ana homa, nifanye nini?" Umri ulikuwa umedondoka. Hatua ya tatu, kwa kutojua, ikaleta ukurasa wa watoto waliotimiza mwaka. Modeli nayo ikajibu kwa uaminifu swali ambalo mama hakuliuliza.

Hatua ile ya kufupisha aliiandika Bi Kimya mwenyewe, alasiri moja ya uvivu, ili ujumbe mrefu usiicheleweshe programu. Maswali yake ya majaribio yalikuwa mafupi, kwa hiyo hayakupunguzwa kitu.

Hakupiga simu. Alikwenda zahanati kwa miguu, akamkuta wifi yake akikunja shuka, akamweleza yote huku akimwonyesha zile hatua.

"Kwa hiyo ni mkono wako," mkunga alisema.

"Ni mkono wangu, wifi."

Mkunga akamwambia kuwa mtoto ameanza kunyonya, na akamkabidhi ncha moja ya shuka wakunje pamoja.

Hatua ya kufupisha iliondolewa. Umri ukawa sharti: usipotajwa, programu huuliza kwanza. Huduma ilipofunguliwa, mawifi walikaa zahanati bega kwa bega wakitazama swali refu la mama mwingine kuhusu homa ya kichanga likishuka hatua kwa hatua, umri wa mtoto ukiwa mzima katika kila moja, mpaka jibu: mlete sasa. Mkunga aliinuka kwenda kunawa mikono, na baada ya muda mlango ukafunguliwa, mama yule akaingia na kichanga chake kifuani.

Bi Kimya alimsogezea kiti, akiwa ameamini kwa macho yake: usilolijua ni usiku wa kiza.