Kwa Nini Kuku Husimama Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku hakuwa na banda. Alilala juu ya mti, yeye na ndugu yake Kanga. Ndiyo, Kanga huyu huyu wa porini mwenye madoadoa. Walikuwa ndugu wa toka nitoke.

Mti wao ulikuwa mkwaju, nyuma ya nyumba ya Bi Mwantumu. Jua likizama, majani ya mkwaju hujikunja. Kuku nao hujikunja. Pa! pa! pa! Wanaruka tawini, wanabanana, Kuku hapa, Kanga hapa, Kuku hapa, Kuku hapa. Kisha mazungumzo. Kra-kra-kra! Nani kaona panzi wengi, nani kamkimbia mbwa. Wanacheka mpaka usingizi unawachukua. Wallahi, raha ile siku hizi hakuna. Siku hizi jirani yako hujui hata anakohoa vipi.

Basi akaja Kanu. Mnamjua Kanu? Mwembamba, mrefu, mkia una pete pete, na kupanda mti kwake ni kama nyinyi kushuka kitandani. Akapanda, nyatu, nyatu, nyatu. Hap! Kuku mmoja hayupo. Akarudi siku nyingine. Hap! Mwingine hayupo.

Bi Mwantumu akaona hii sasa balaa. Akakata fito, akakandika udongo, akaezeka nyasi, akatia mlango. Banda zuri! Jioni akamwaga mtama mlangoni, akaita, "Ti ti ti ti! Njooni, wanangu, njooni mlale ndani."

Kuku wakaja. Wakala mtama wote. Wakaondoka zao, pa! pa! pa! juu ya mkwaju.

"Nyinyi viumbe mna adabu kweli?" Bi Mwantumu akashika ufagio. "Shii! Shii!" Anaingiza mmoja, wanatoka wawili. Anaingiza wawili, wanatoka wote.

"Humo hakuna upepo," akasema Jogoo.

"Ndani mnanuka udongo mbichi," wakasema mitetea.

"Tena mkiingia humo, mimi nitazungumza na nani?" akasema Kanga.

Kati yao alikuwamo mtetea mmoja, jina lake Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyosimama kichwani. Huyo aliupenda mkwaju kuliko wote. Yeye na Kanga walilala bega kwa bega. Lakini alikuwa ameshuka kutamia mayai yake kwenye tenga, na siku ile alitoka na vifaranga. Wadogo, wa manjano, mabawa yao hata vumbi hayawezi kulipeperusha.

Jioni ikafika. Pa! pa! pa! Wenzake wakaruka. Kishungi akabaki chini, vifaranga wamemzunguka.

"Kishungi! Njoo, ndugu yangu," akaita Kanga. "Tangu uanze kutamia, mimi sina wa kuzungumza naye."

"Na watoto?"

"Wafunike majani. Asubuhi utawakuta," akasema Jogoo. Wanaume! Haya, nimenyamaza.

Kishungi akawafunika vifaranga kwa majani makavu. Akaruka. Pa! Akatua kwenye tawi lake. Upepo ule ule, tawi lile lile. Kanga akamsogelea. Kishungi akafumba macho kwa raha.

Chini, piyo, piyo, piyo.

"Wanalia," akasema Kishungi.

"Watanyamaza," akasema Kanga.

Piyo, piyo. Na huko kwenye majani makavu, nyatu. Nyatu.

Kishungi hakuaga. Akajitupa chini, puu! Manyoya yamesimama, mabawa wazi. "Watoto, mbele yangu! Mbio!" Pa kukimbilia palikuwa pale tu, kwenye lile banda. Wakaingia, mama nyuma yao. Bi Mwantumu, ufagio bado mkononi, akaubamiza mlango. Paa!

Kanu akakwaruza. Kwaru, kwaru. Udongo umeshika, fito ngumu. Akakasirika, akaugeukia mkwaju. Huko juu ikawa vurugu. Jogoo akaanguka bila mkia. Mitetea wakamwagika kama kunde, wote mbio bandani. "Bi Mwantumu, tufungulie! Tufungulie!" Akawafungulia. Kanu akabaki juu, mdomo umejaa manyoya.

Kanga naye akashuka. Akasimama nje.

"Ingia, ndugu yangu," akasema Kishungi.

Kanga akachungulia. Akautazama ule mlango. "Siwezi, Kishungi. Nikifikiria mlango huu utafungwa, pumzi zinanikatika. Mimi nakwenda porini, kwenye miti mirefu."

"Nami siwezi kukufuata. Watoto hawa hawaruki."

"Najua."

Kra-kra-kra, akaenda zake. Kishungi akalia.

Kesho yake Bi Mwantumu akagundua kosa lake: kuku halali chini kama mbuzi. Akakata tawi la mkwaju, akalipitisha bandani, ukuta kwa ukuta. Jioni kuku wakaingia wenyewe, wakapanda, wakabanana.

"Si ndilo tawi lile lile?" akauliza Jogoo.

"Ndilo," akasema Kishungi. "Ila Kanga hayumo."

Ndiyo maana mpaka leo, kuku akifika mlangoni mwa banda jioni, haingii moja kwa moja. Husimama. Huinua shingo, hutazama mitini, husikiliza. Nyinyi mnamsukuma kwa mguu, mnataka afanye haraka mkale. Msimsukume. Mwacheni kidogo. Ataingia tu, maana watoto wake wamo ndani.

Na funzo lake ni hili: kukumbuka kwenu kwa zamani si kosa, kulilie ukitaka, lakini ukishakuwa na watoto, lala pale wanapoweza kufika.

Hadithi yangu imeingia ndani, na mlango nimeufunga.