Shamba la Juu ya Ndiva

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za majitu na sungura wasemao, ni zamani za juzi tu, redio zilipokuwa zikila betri nne na watu wakizianika hizo betri juani zipate nguvu, kulikuwa na kijiji milimani Upare kiitwacho Kwamrindi.

Watu wa Kwamrindi walilima tangawizi na mahindi, na maji yao waliyaweka kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, walilichimba mababu juu ya mashamba. Jioni inafungwa, kijito kinaijaza. Asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Ukuta wa ndiva ulikuwa wa wote. Ukihitaji kazi, pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Kazi hiyo waliiita msaragambo. Na pembe ilikuwa na miiko yake: ukoo mmoja tu ndio ulioipuliza, na haikupulizwa kukiwa na matanga kwa mwenye pembe. Ukiipuliza kwenye matanga, umemtukana marehemu.

Shamba lililokuwa chini ya ukuta, lililonona kuliko yote, lilikuwa la Mbonea. Mtu mpole, mchapakazi, ana mke na watoto wanne. Tangawizi yake ukiivunja, harufu inakufuata mpaka nyumbani.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Nanzia. Bwana wa hali ya hewa alipita kijijini akamwachia kopo la kupimia mvua pamoja na daftari. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mwanamke asiyesahau. Kila siku saa tatu asubuhi anachungulia kopo, anaandika. Kuna mvua, hakuna mvua, anaandika. Miaka kumi na miwili! Wewe hata dawa ya siku saba humalizi.

Ndipo mwaka mmoja Nanzia akasimama kikaoni.

"Jamani, mvua si ile. Siku za mvua zimepungua nusu, lakini ikiamua kunyesha, siku moja inamwaga ya wiki mbili. Yule bwana anasema si hapa tu, dunia nzima inapata joto, mbingu zimevurugika. Huu ukuta mababu waliujenga kwa mvua ya kwao. Tuupandishe, na tuchimbe njia ya kutolea maji yanayozidi."

"Nani kazivuruga hizo mbingu?" aliuliza mtu.

"Moshi. Moshi wa viwanda, wa magari, wa misitu inayochomwa."

"Basi wenye viwanda ndio waje wachimbe! Sisi moshi wetu ni wa kuivisha makande tu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nanzia naye akacheka kidogo. Kisha akasema, "Wenye viwanda hawalali chini ya ukuta huu. Tunaolala chini yake ni sisi." Kicheko kikapungua.

Njia ya maji ingepita wapi? Kwa Mbonea. Matuta mawili tu, pembeni mwa shamba. Macho yote yakamgeukia. Mbonea akasema, "Shangazi, sikatai. Ila tangawizi iko ardhini. Nivune kwanza." Na kweli hakuwa anakataa. Alimaanisha neno lake. Lakini mkulima wa tangawizi akishavuna, mbegu anayo mkononi na udongo umeshalainika, atafanya nini? Atapanda. Mbonea akapanda, hadi ukutani.

Mwaka wa pili Nanzia akasimama tena na daftari lake. Mbonea akasema, "Nimeshapanda, shangazi. Nivune kwanza." Wakamgeukia mzee Kiangi, mwenye pembe. Kiangi akasema, "Mwenye shamba hajaridhika, mimi nipulize pembe niwagombanishe watu? Akiridhika, mniambie." Mwaka wa pili ukapita.

Mwaka wa tatu Nanzia alikuja kikaoni, akaketi, akajifunika khanga yake vizuri, akanyamaza. Alikuwa amesusa. Daftari lilikuwa limejaa habari mbaya kuliko miaka yote, naye hakulifungua. Mbonea alimwona. Aliijua maana ya ule ukimya, na badala ya kuona haya alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mwaka huu hataombwa chochote. Hilo lilimuuma baadaye, lakini siku ile lilikuwa tamu.

Mvua ikaja mwezi usiokuwa wa mvua. Siku mbili mfululizo, si manyunyu, ni kumwaga. Siku ya tatu asubuhi Nanzia alichungulia kopo akakuta limefurika. Hakuandika. Alipanda mbio mpaka kwenye ndiva, akakuta mlango wa maji uko wazi na bado maji yamefika mdomoni mwa ukuta, na ukuta wenyewe unavuja kwa chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chini ya ukuta kuna shamba la Mbonea, na chini ya shamba kuna nyumba thelathini.

Akashuka moja kwa moja kwa mzee Kiangi. Lo! Kwa Kiangi kulikuwa na matanga. Mama yake mzazi alikuwa amezikwa juzi. Waombolezaji wamebanana barazani, ukoo mzima upo. Nanzia akapita katikati yao na matope yake.

"Mzee Kiangi, piga pembe."

"Umerogwa? Mama yangu ana siku mbili kaburini!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha. Ukuta unavuja, baba. Piga pembe."

Wajomba wakafoka, shangazi zake wakaanza kulia upya. Kiangi akaingia ndani, akatoka na pembe, akaipuliza huku machozi yanamtoka. Mara ya kwanza watu hawakuamini masikio yao. Mara ya pili wakaelewa kwamba mtu hawezi kufanya hivyo bila sababu. Wakatoka na majembe.

Wakafika wote ukingoni mwa shamba la Mbonea, wakasimama pale. Matuta mawili hayakutosha tena. Maji yale yalihitaji shamba zima. Na huko Upare mtu hatii jembe kwenye shamba la mwenzake bila ruhusa, hata dunia ikiwaka moto. Wakamtazama Mbonea. Tangawizi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Mkewe alimshika mkono wa shati.

Mbonea akautoa ule mkono polepole. Akalipiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, katikati ya matuta yake.

"Mnangoja nini? Chimbeni!"

Wakachimba kama wendawazimu. Maji yakapata njia, yakapita, yakachukua tangawizi, yakachukua udongo, yakaacha mwamba mtupu. Adhuhuri kona moja ya ukuta ikaanguka kwa kishindo, lakini maji mengi yalikuwa yameshatoka. Nyumba thelathini zikasalimika. Hakufa mtu, hakufa hata kuku.

Baada ya mvua watu wakahesabu makovu. Mbonea hana shamba, ana mwamba. Kiangi amenyang'anywa pembe na ukoo wake, na ndugu zake wakipita mlangoni kwake hawapigi hodi. Nanzia shamba lake liko upande mkavu wa mlima, misimu mitatu hajavuna hata debe.

Kijiji kilikuwa na shamba moja la wote, dogo, juu ya ndiva, kando ya chemchemi. Wakakubaliana apewe yule aliyekiokoa kijiji. Ukiligawa mara tatu, kila mmoja anapata pa kuanikia maharage tu. Kwa hiyo ni mmoja, basi. Mbonea alikaa kikaoni akipiga hesabu yake. Akilikosa, Jumatatu anashuka tambarare kukata mkonge, na watoto wanagawanywa kwa ndugu. Mkewe alikuwa ameshafunga mizigo miwili, akaisukuma nyuma ya mlango ili asiione.

Mwenyekiti, Mama Nakunda, akasema kila mmoja aseme lake.

Nanzia akasema, "Nilijua kabla yenu wote, nikawaambia. Siku ya mwisho nilikwenda kwenye matanga kusema neno ambalo hakuna mtu angethubutu kulisema. Bila mimi mngekuwa tope."

"Mwaka wa tatu ulinyamaza," mtu akadakia.

"Nilinyamaza," Nanzia akasema. "Ninyi mngesema mara ngapi?"

Kiangi akasema, "Kujua ni kujua tu. Watu walitoka kwa pembe. Nimemkosea mama yangu kaburini, na ukoo wangu hauninusi. Nani kati yenu ametoa mama yake?"

"Ungeipuliza mwaka wa pili, usingemkosea mtu."

Kiangi akarudi kuketi.

Mbonea akasimama. "Jembe la kwanza lilikuwa langu. Nimetoa kila nilichonacho. Najua mliniomba matuta mawili, nikawapiga chenga miaka miwili. Nimeyalipa kwa shamba zima. Hilo nalo si neno?"

Watu wakaguna. Wengine walikuwa na huruma, wengine la.

Hapo Nanzia akafungua daftari. "Kabla hamjaamua, sikieni. Mvua kama ile itarudi, na itazidi. Njia moja haitoshi, tunahitaji ya pili, ya kuyageuza maji kabla hayajaingia ndiva, na mahali pake ni palepale kwenye shamba la chemchemi, nusu yake. Atakayepewa lazima aachie nusu mwaka huuhuu, kabla hajapanda. Mimi nitaachia."

"Na mimi," akasema Kiangi, ambaye ana shamba jingine la mahindi na haoni shida.

Wakamgeukia Mbonea. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi, na lingempa shamba. Akawafikiria wale watoto wanne, na nusu shamba, na njaa ya miezi mpaka mavuno. Akajitazama mwenyewe kwa ndani bila kujionea huruma.

"Sijui, shangazi," akasema. "Siku ile niliona ukuta unavuja kwa macho yangu, nikaweza. Jua likiwaka na watoto wanalia, sijui kama nitaweza. Siwezi kuwadanganya tena."

Mama Nakunda akawatazama watu, watu wakatazama chini.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnatafuna mahindi. Yupo aliyejua, akasema, akachoka akanyamaza. Yupo aliyesubiri ruhusa, kisha akaacha heshima yake yote. Yupo aliyechelewesha kila kitu, kisha akatoa kila kitu, na leo ni yeye peke yake aliyesema kweli kuhusu moyo wake. Ukuta bado una kona iliyoanguka, na msimu wa mvua umebakiza wiki tano kufika. Usiniambie utalifikiria. Je, shamba apewe nani?