Jiwe Juu ya Pedali

Wapendwa, leo nina kisa cha gari. Naona mara tu nimetaja gari, hata yule aliyeanza kusinzia pale nyuma ameinua kichwa. Karibu, ndugu yangu, tulikuwa tunakungoja wewe.

Bwana mmoja wa huko milimani alikuwa mtunza stoo wa shule, mtu wa kalamu na daftari. Tangu azaliwe hakuwahi kushika spana. Baba yake alipofariki, aliacha nyumba, kishamba cha migomba na gari. Msidhani ni gari la kutisha watu. Kigari cha zamani, milango miwili, kimelala bandani miaka kumi na minne, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Lakini ndani ya kigari hicho mama yao alitoka hospitali na yeye akiwa mchanga kifuani, na miaka mitatu baadaye akatoka na mdogo wake vilevile.

Huyo mdogo sasa alikuwa fundi. Fundi hasa, ana gereji yake kule chini bondeni. Siku ya kuanua tanga la baba akasema kwa adabu, "Kaka, niruhusu nilivute hilo gari hadi gereji, nilifufue."

Kaka mtu, sijui ni uchungu wa msiba au ni ule ukubwa wetu wa kuzaliwa mbele, akamjibu ukoo mzima ukisikia: "Unataka ulifanye spea uuze. Gari la baba nitalitengeneza mwenyewe. Sitaki mkono wa mtu, na wako ndio wa mwisho."

Jamani! Maneno ya namna hiyo unayatoa wapi, na kaburi la baba bado udongo mbichi? Mdogo mtu alichukua koti lake akateremka mlima, na tangu siku hiyo akawa anakuja kumwona mama siku za kazi tu, kaka akiwa shuleni.

Basi kaka mtu akaanza ufundi. Mwalimu wake akawa simu: anatazama video, anasimamisha, anajaribu, anarudia. Majirani wakampachika jina, Fundi Simu. Mnacheka? Hata yeye mwanzoni alicheka. Alifungua kila kitu kwa siku mbili, na kukifunga kukamchukua miaka mitatu. Nati zote alizitupa kwenye ndoo moja, halafu akakaa majuma mawili akizijaribu moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo wa mlango wa jirani. Alisugua kutu kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Kabureta aliifungua mara sita. Lakini tusimnyime haki yake, hakukata tamaa, na Jumamosi moja asubuhi injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Mama yake alipiga kigelegele hadi kikamkata pumzi. Akaja na fimbo yake, akapapasa boneti, machozi yanamtoka.

"Sasa mwanangu," akasema, "nipeleke bondeni kwa mdogo wangu. Wewe ushike usukani, na ndugu yako akae nyuma na mimi."

Kaka mtu akajifanya hakusikia lile neno la mwisho. "Bado breki tu, mama. Nikimaliza breki tunateremka."

Mnaoijua milima mnajua maana yake. Kupanda ni kazi ya injini, kuteremka ni kazi ya breki, na ile barabara ya bondeni ni kona tupu, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisa kilipo. Ukishatengeneza breki za gari la namna ile, ndani ya mabomba hubaki hewa, na hewa ikibaki, unakanyaga na gari linaendelea na safari zake. Ni lazima itolewe. Na kuitoa, ukifuata njia waliyoijua mafundi wa zamani, ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali, anashikilia. Mwingine analala chini penye gurudumu, anafungua kijinati, hewa inatoka na mafuta, anafunga, anasema, "Achia." Basi. Kanyaga, shikilia, achia, gurudumu kwa gurudumu. Haihitaji elimu. Inahitaji mtu.

Yeye alikuwa na nani? Alikuwa na jiwe. Alitafuta jiwe zito la mtoni, akaliweka juu ya pedali, akakimbia kulala chini ya gari na kufungua nati. Lakini jiwe ni jiwe. Linakanyaga, ndiyo, ila huwezi kuliambia achia. Anatoka chini, analiondoa, analirudisha, anakimbia tena chini, mafuta yamemwagika shati zima, na hewa haiishi. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu.

Mkewe akasimama mlangoni pa banda. "Baba watoto, si nije nikukanyagie?"

"Nilishasema mbele ya watu sitaki mkono wa mtu."

"Mimi nakupa mguu," mkewe akasema, akaenda zake jikoni.

Na mama akamwita, akamkalisha karibu naye. "Mwanangu, huyo mkeo ana mguu, namwona. Lakini mimi nataka mguu wa ndugu yako. Mpigie."

"Nitamwita, mama. Likishakamilika nitamwita, aje aone."

Aje aone! Mmemsikia? Hakusema hapana. Wengi wetu hatusemi hapana. Alitaka kwanza gari lisimame pale uani linang'aa, yeye ameegemea boneti, mdogo wake aje akutane na aibu yake. Ndipo amsamehe. Tena yeye ndiye aliyekosa!

Julai ikaingia na baridi yake. Mama akapata kikohozi, siku ya kwanza kidogo, siku ya pili kifua kikambana. Siku ya tatu asubuhi, mke wa kaka mtu alipompelekea uji, mama hakuamka.

Ndugu zangu, nisiwachoshe na msiba, wote mmezika.

Siku ya kuanua tanga, watu walipokuwa wanamiminiwa chai, kaka mtu alimwona mdogo wake anaelekea bandani. Akamfuata. Akamkuta amekaa kwenye usukani, jiwe la mtoni analipakata mapajani.

"Hili jiwe la nini, Kaka?"

Kaka mtu alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga miaka mitatu. Yakamkauka yote. "Lilikuwa linanikanyagia," akasema.

Mdogo mtu akafungua mlango, akaliweka chini taratibu, akavua koti. "Lala chini," akasema. "Tuanze gurudumu la nyuma, la mbali."

Kaka mtu akalala chini na suti yake ya msibani.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia."

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Pedali ikakaza. Ilikuwa tayari.

Mnajua ilichukua muda gani? Waliporudi ndani, chai yao mezani ilikuwa bado vuguvugu. Miaka mitatu ya jasho, na kilichobaki hakikufika hata kupoa kwa kikombe cha chai. Kaka mtu alikishika kile kikombe, akahisi lile joto viganjani, akashindwa kunywa. Akalia mbele ya ukoo uleule uliomsikia akimtukana mdogo wake.

"Ningempeleka," akawa anasema. "Mama angeteremka. Angemwona mdogo wake."

Mama yao mdogo, yule wa bondeni, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akamwambia, "Mwanangu, mabasi yapo kila siku. Hata mimi nilimwambia dada, panda basi uje. Akanijibu, 'Kwako nitafika tu. Mimi nangoja kuwaona wanangu wamekaa gari moja.'"

Naomba hapo nisimame kidogo.

Wapendwa, gari liliwaka. Lipo hadi leo katika kisa hiki, linateremka kona zote na linasimama linapoambiwa. Kiti cha nyuma hakina mtu. Na sisi je? Sisi tuliojaa hapa na nguo zetu safi, tumefanya mengi peke yetu, tumejenga, tumesomesha, tumeimba kwaya, na majirani wametupigia makofi. Lakini iko kazi moja imetushinda, tunaizunguka mwaka wa tatu, wa kumi, kwa sababu pale palipokuwa mahali pa ndugu tumeweka jiwe. Wewe, ni nani uliyemwekea jiwe mahali pake? Dada yako? Baba mkwe? Yule mliyekuwa mnalala kitanda kimoja utotoni, mkigombania blanketi?

Usiniambie, "Mchungaji, nitamwita mambo yakikaa sawa." Mimi nimeshawazika mama zenu wengi. Nimesimama kaburini nikiwatazama watoto wao, mmoja kushoto, mmoja kulia, na mama yao katikati ndani ya sanduku. Nimechoka kuwaona hivyo. Nawaambia kweli, nimechoka.

Simu unayo mfukoni. Namba yake hujaifuta, maana ungekuwa umeifuta usingekuwa umeinamisha kichwa hivyo sasa hivi. Toka nje. Nenda pale uani, umpigie. Hata usipojua la kusema, sema, "Ni mimi." Sadaka haitakimbia, na kwaya itakaa kimya.

Mimi nakaa hapa nawangoja. Nendeni.