Kwa Nini Nyota Nyingi Huzunguka Mbili Mbili

Enzi ambazo anga lilikuwa baridi na giza tupu, wenyeji wake walikuwa mawingu: mapana, mapole, yasiyojua haraka. Cheche aliyakumbuka vizuri mapaja ya mamake, Bi Utando. Yeye na dadake Memeta walikuwa madonge mawili tu ya hewa na vumbi, wamelala humo kama maziwa yanayoanza kuganda.

Ila mawingu yalikuwa na desturi yao. Wingu likizeeka hujikunja, na likijikunja huwasha nyota moja tu. Donge kubwa ndilo liwake. Dogo litumbukie kifuani mwake, liwe chakula cha moto.

Siku Bi Utando alipoanza kujikunja, kaka yake Ukungu, wingu la jirani, alikuja kusimamia.

"Haya, Cheche, ingia kwa dadako. Wewe ni kuni zake."

"Kuni? Mjomba, nani alinikata?"

"Desturi, mwanangu."

"Na hiyo desturi iliniuliza lini?"

"Tazama kidomo hicho! Joto huna, maneno tele."

Kadiri Bi Utando alivyojikunja, ndivyo alivyozunguka kwa kasi, vazi lake likitandazika kama sinia. Memeta, mzito, akaanza kumvuta mdogo wake. Cheche akaona: akikimbilia nje, ataganda peke yake, akienda moja kwa moja, atamezwa. Basi akaishika kasi ya mamake, akampita dada ubavuni. Akavutwa tena, akapita tena. Kila mzunguko aliokota hewa na vumbi la mama, akanenepa, akapata moto.

"Ingia, nimesema!" Ukungu akafoka.

"Si naja, Mjomba? Huoni ninavyokuja?"

Memeta naye akajikuta anavutwa, anazunguka. Akacheka. "Pita tu, mdogo wangu. Ila usiende mbali."

Memeta akawaka, na Cheche naye akawaka. Akageuka mbio amwonyeshe mama. Mama hakuwepo, alikuwa amekwisha, sehemu imeingia kwake, sehemu kwa dada. Mwanga wote ule, na bado alitamani ile baridi ya mapajani.

Na tangu siku hiyo mawingu mengi huwasha nyota mbili, tatu, hata zaidi, nazo huzunguka pamoja. Ukizitazama mbili kwa darubini utaona hazizunguki kitu. Katikati yao pako wazi. Ndipo alipokuwa mama, na hakuna kati yao aliyewahi kupakalia.