Mstari wa Majivu

Hapo zamani, siku ndui ilipoingia nyumba moja milimani Upareni, walikuwapo hawa: Nakundwa, mgonjwa; mwanawe mchanga, asiye na kipele hata kimoja; Mbazi, mlinzi; Namche, jirani aliyekuwa akinyonyesha; na Mzee Sekiondo, mkuu wa kijiji.

Mzee Sekiondo alimwaga majivu kuizunguka nyumba. Akasema, "Hii ni sheria. Chochote kilichomo ndani kisivuke majivu. Atakayekiuka atahama, asirudi."

"Kukiuka ndiyo nini, Mzee?" aliuliza Mbazi.

"Ni kuijua sheria, kisha ukaipita."

Homa ikakausha maziwa ya Nakundwa. Mtoto akalia mpaka sauti ikaanza kukatika.

Nakundwa akamlaza kwenye ungo, akamfunika nguo yake asipate baridi, akausukuma mpaka kwenye majivu. Hakuvuka. Mbazi akageuza mkuki, akauvuta ungo kwa mpini. Hakugusa kwa mkono. Namche akamwinua mtoto, akamnyonyesha, akaenda naye kwake, na ile nguo. Hakuyakaribia majivu.

Nakundwa akapona. Mtoto wa Namche akashikwa na ndui, akafa.

Watu wakakusanyika. "Nani alikiuka?" akauliza Mzee Sekiondo.

"Mimi, baba," alisema Nakundwa. "Nilisukuma nikijua. Na nguo ni yangu. Mwacheni Namche, ametoka kuzika."

"Dada, wewe uliishia kwenye majivu," alisema Mbazi. "Aliyemvusha ni mimi, niliyewekwa kulinda."

"Mlinzi anavua watoto kwa mkuki!" mmoja akamdhihaki. Hakuna aliyecheka.

Namche alikuwa amempakata mtoto wa Nakundwa, anamnyonyesha. "Ungo ungekaa pale bila mimi. Nilimpeleka kwangu nikijua. Lakini wewe, Mzee, ulimsikia akilia. Ulidhani atakula nini?"

Mzee Sekiondo akainama. Kila asubuhi yeye mwenyewe alikuwa akileta uji wa mgonjwa na kuuacha kwenye majivu. Uji ule mtoto mchanga asingeweza kuunywa.

"Sheria ni ya wote," akasema kwa sauti ndogo. "Aliyekiuka ahame."

Walihama wote watatu, mtoto akiwa mgongoni kwa Namche. Mzee Sekiondo alibaki. Kaburi dogo nyuma ya nyumba ya Namche likaota majani.

Nanyi mlionisikiliza, niambieni: nani hasa alikiuka sheria?