Nani Apewe Firigisi

"Mama, nikiumwa mimi unalia wewe. Sasa nani ambembeleze mwenzake?"

Zena aliuliza hivyo asubuhi moja, magoti yamemvimba. Mama alikuwa analia. Baba alikuwa anatazama dari.

Zena ana selimundu, ugonjwa wa damu unaotafuna mifupa, ukaondoka, ukarudi. Nyumba yao kule Kilosa ina watu watatu, na kila mmoja ana kipaji chake. Mama yake, Bi Tausi, huyaona maumivu kabla hayajabisha hodi. Baba yake, Mzee Mkude, ana mgongo ulioharibiwa na magunia ya mahindi, na hutamsikia hata siku moja akisema "aah". Zena naye anawajua wote wawili. Mbele ya mama maumivu humzidia. Mbele ya baba huyameza. Mtoto wa miaka kumi na minne anaumwa kwa zamu, kufuatana na nani yuko chumbani! Kazi hiyo alipewa na nani?

Siku moja ya mvua, Bi Tausi alimtazama binti yake anavyoshika kikombe cha uji, akasema, "Leo si mzima huyu."

"Mzima, mama," Zena akaapa, maana baba alikuwa pale pale.

Bi Tausi hakumsikiliza. Akamfunika, akamnywesha maji, akamkimbiza hospitali kabla homa haijapanda. Asingekuwa yeye, wangechelewa. Ila njia nzima alipiga mayowe, na kila yowe lilimwongezea mtoto hofu.

Hospitali, sindano ya maumivu ilikawia kumshika. Mzee Mkude akauchukua mkono wa binti yake. "Tunapandisha gunia, mwanangu. Vuta pumzi. Haya, tunashusha. Taratibu, usije ukanivunjia mgongo."

Zena akacheka kidogo, akapumua alivyopumua baba, hofu ikamtoka. Asingekuwa yeye, mtoto asingetulia hata akausikia mwili wake. Ila ni yeye huyo aliyemfundisha kwamba mtu mzima halalamiki, na ndiyo sababu Zena alikuwa anaficha maumivu tangu juzi.

Daktari akaja. "Ni maumivu yale yale ya siku zote?"

"Yale yale, daktari, mwanangu anakufa!" akasema mama.

"Yale yale. Atavumilia," akasema baba.

Zena akajiinua kwa kiwiko. "Si yale yale! Haya yako kifuani. Nikivuta hewa yananichoma. Jamani, niacheni niseme mwenyewe!"

Daktari akamsikiliza kifua, akabadilisha matibabu papo hapo. Asingesema, angetibiwa mifupa huku kifua kikimmaliza. Ila kama angesema tangu juzi, wasingefika huko. Bi Tausi akajifuta machozi, akaacha mayowe. Na Mzee Mkude, kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, na mimi mgongo unaniua."

Zena alipopona, alikuja Mjomba Banzi, kaka yake Bi Tausi, na jogoo mkubwa wa kumpongeza. Chakula kilipopakuliwa, mjomba akatenga firigisi kwenye sahani ya peke yake.

"Shemeji, dada, firigisi ni moja. Ale aliyemwokoa mtoto. Na Zena akiumwa tena, neno la huyo ndilo litakalofuatwa."

"Basi haendi ile shule ya bweni aliyochaguliwa," mama akadakia. "Huko nani atamwona?"

"Anaenda," baba akasema. "Akakomae."

"Mimi je, mjomba?" akauliza Zena.

"We mtoto, tangu lini mtoto akala firigisi?"

Tangu lini! Mifupa ni yake, kifua ni chake, sindano zote zimeingia mwilini mwake, lakini neno ni la wakubwa!

"Kuumwa naumwa mimi, mjomba," Zena akasema, akanyoosha mkono.

Mjomba akaangalia chini, akajikuna kidevu. "Haya, mwanangu. Na wewe umo."

Sasa wako watatu mbele ya sahani moja. Aliyeona, aliyetuliza, aliyesema. Angekosekana mmoja wao, leo pasingekuwa na jogoo, pangekuwa na matanga. Mjomba hajui ampe nani, na mchuzi unapoa.

Je, ungekuwa wewe, ungempa nani? Amua, na useme kwa nini. Ila tafadhali, usiikate vipande vitatu.