Waya wa Kukodi

Ipo methali ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa mara nyingi anayesemwa huwa ameketi meza moja na msemaji, anakula. Methali hiyo haimkatazi mtu kumpenda ndugu yake. Inamkataza kuitia riziki yake mfukoni mwa ndugu huyo, kisha akaenda kulala usingizi wa pono. Evanthia Karatza wa mji wa Kavala alikuwa mwanamke mwerevu, na werevu ndio wanaochelewa kuielewa.

Miaka kumi na mitano Evanthia alifanya kazi katika Shirika la simu, lile kongwe, lililofukia nyaya zake chini ya kila mtaa tangu enzi za babu zake. Kisha ikaja sheria mpya: Shirika liwakodishie wapinzani wake nyaya hizo kwa bei iliyopangwa, hata kama wapinzani hao wanalinyang'anya wateja mchana kweupe. Ikaja Kampuni changa kutoka Athene, yenye bei nafuu na mabango mekundu, ikatafuta wakala wa Kavala. Evanthia akaacha kazi, akachukua kiinua mgongo chake chote, akafungua duka mtaa wa Omonia. Mama yake, Bi Marigo, alijipiga paji la uso aliposikia.

"Umeacha kazi ya serikali, mwanangu? Ya serikali! Mama yako niwaambie nini majirani?"

"Waambie nauza simu, mama."

"Simu za nani? Waya si wao wenyewe?"

Mama mtu hakuwa amesoma, lakini hapo alikuwa amegonga penyewe. Kampuni haikuwa na waya hata mmoja mjini. Mitambo yake ilikaa ndani ya jengo la Shirika, katika chumba chenye uzio wa chuma, na fundi wake hakuingia humo bila kusindikizwa. Mteja alipohama, fundi wa Shirika ndiye aliyepaswa kusimama mbele ya fremu kubwa ya nyaya, aichomoe jozi ya nyaya za mteja huyo upande wa Shirika na kuichomeka upande wa Kampuni. Yaani mwenye duka alitakiwa amfungulie mteja wake mlango na kumwonyesha njia ya kwa jirani. Nani afanye hivyo kwa haraka? Maombi yalirudi na visingizio vya kila rangi: anwani haieleweki, jozi haipatikani, mteja hakuwapo nyumbani.

Julai ya mwaka 2007, Evanthia alipata mteja aliyemnyima usingizi kwa furaha. Kilikuwa chama cha teksi cha mji, magari thelathini na manne, chenye namba moja ya simu ambayo hata watoto wa chekechea waliijua. Athene walimwambia bila kumung'unya maneno: teksi zikihamia na kutulia, uwakala ni wake kwa miaka mitano, zisipohamia, duka litafungwa Septemba.

Mwenyekiti wa chama, Prodromos, alikuwa ameendesha teksi miaka arobaini, mzee mwenye mdomo mchafu na moyo laini. Aliutia sahihi mkataba juu ya boneti ya gari lake.

"Nakuamini wewe, si hao wahuni wa Athene," alisema. "Lakini nisikilize, binti. Simu ikinyamaza saa moja tu, hawa watu wangu wataninyofoa sharubu, unywele mmoja mmoja."

"Sharubu zako zitabaki, mzee wangu."

Ombi la kwanza lilirudi baada ya siku kumi na mbili. Liliandikwa: "Fundi alifika. Mteja hakuwapo." Evanthia alilisoma kwa sauti katika ofisi ya teksi, ambayo tangu ifunguliwe haijapata kukaa hata saa moja bila mtu, usiku na mchana, Krismasi na Pasaka. Mpokea simu alicheka mpaka akavua miwani. Evanthia hakucheka. Tarehe mosi Agosti alipeleka ombi la pili, na safari hii alihesabu siku kwa vidole. Sheria iliwapa watu wa Shirika siku kumi za kazi. Zikipita bila jozi kuhamishwa, Mamlaka ya mawasiliano ingeingia kati na kuwalazimisha, watake wasitake.

Siku ya saba, Ijumaa, kaka yake aliingia dukani na kahawa mbili za baridi.

Stergios alikuwa fundi wa fremu ile ile, mwaka wa ishirini sasa. Vitabu vya Shirika vilionyesha jozi za nyaya kama zilivyokuwa zamani. Jozi zilivyo kweli zilikuwa katika daftari la Stergios, lenye jalada la nailoni. Bila yeye nusu ya mji ingekuwa bubu. Ndiye aliyelipaka rangi duka la Evanthia, na baba yao alipokufa mapema, ndiye aliyemlea dada mtu. Tena alikuwa akingoja kupandishwa cheo awe msimamizi wa zamu, na cheo hicho kilikuwa mkononi mwa mkuu wake, Bwana Tsolakis.

"Liondoe lile ombi," alisema, akiketi.

"Una wazimu?"

"Liondoe, Eva. Likiwa kwenye kompyuta, Tsolakis analiona kila asubuhi, na kila asubuhi analikalia. Jumanne, mkesha wa sikukuu ya Bikira, atakuwa kijijini kwao. Jengo zima tutakuwa watu watatu. Nitaihamisha jozi kwa mkono wangu kabla kahawa haijapoa. Karatasi tutazipanga baada ya sikukuu. Nani anauliza kitu kinachofanya kazi?"

"Lakini zimebaki siku tatu tu za kisheria, kaka. Nikingoja..."

"Ukingoja watakuandikia tena kwamba mteja hakuwapo. Hujawazoea? Ulikaa nao miaka kumi na mitano."

"Na ikitokea la kutokea?"

"Litokee nini? Mimi ni kaka yako au ni mbuzi wa jirani?"

Katika mji ule, mtu mwenye ndugu ndani ya ofisi hapangi foleni. Akipanga, ndugu huyo huona ametukanwa mbele za watu, na chuki yake hukaa mwaka. Evanthia alimtazama kaka yake akinyonya kahawa kwa mrija, akaona haya kwa kuwa alikuwa amesita. Siku ile ile aliandika barua ya kuliondoa ombi, akaweka sahihi na mhuri, akaipeleka kwa faksi. Athene walimpigia kumuuliza kama ana uhakika.

"Ni kaka yangu," aliwajibu, na akaona jibu limetosha.

"Jumanne!" mama yake alilalamika jioni. "Jumanne hakianzishwi kitu chema, mnajua ninyi wawili."

"Mama nawe," Stergios alisema akicheka, "hata waya unayo kalenda?"

Jumanne asubuhi Evanthia alifika ofisi ya teksi na boksi la keki. Mji ulikuwa umefurika. Wenyeji wanaofanya kazi Ujerumani walikuwa wakishuka uwanja wa ndege na masanduku yao, wengine wakiwahi feri ya kisiwani, na akina bibi wakitaka kupelekwa kanisani mapema wapate viti. Simu zililia bila kupumua. Saa tatu na dakika ishirini, taa zote za meza ya simu zilizimika kwa pamoja.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Evanthia alisema kwa furaha. "Amechomoa. Sasa anachomeka."

Walikula keki, wakangoja. Dakika tano zikapita, kisha ishirini. Alimpigia Stergios kwa simu ya mkononi; ikaita mpaka ikakata. Alipompigia mara ya tatu, ilikuwa imezimwa. Madereva walianza kurudi mmoja mmoja, wakaegesha magari barazani na kuingia kuuliza kuna nini. Mmoja alisema amewaona watu wakipanda magari ya binafsi bandarini, wenye magari wakijitia kuwa ni shemeji zao. Prodromos alikuwa akizisokota sharubu na kutazama meza ya simu.

Evanthia alikwenda jengo la Shirika mbio, viatu mkononi. Mlinzi alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Bi Evanthia, nakujua, ulikuwa unaniletea andazi kila Jumatatu. Lakini kadi yako imekwisha. Nisamehe."

Akaita ndani. Baada ya muda Stergios alishuka ngazi, akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Tsolakis amepiga simu," alisema kabla hajaulizwa. "Kutoka kijijini. Mmoja wa wale wawili amenichoma. Kauliza nani amegusa teksi."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba kuna hitilafu. Kwamba naitafuta."

"Haya, umeipata. Panda juu ukachomeke!"

"Kwa karatasi ipi, Eva? Akikuta jozi imekaa upande wenu na hakuna ombi, huo ni wizi. Nafukuzwa. Nina mtoto chuo kikuu."

"Wewe ndiye uliyeniambia niliondoe ombi. Kwa mdomo wako huo."

"Najua."

"Basi irudishe kwenu! Wale watu hawana simu tangu saa tatu!"

Stergios alitazama sakafu. "Nimeambiwa nisiirudishe mpaka mteja mwenyewe aombe. Kwa maandishi. Kuna mkataba mpya, wa miaka mitatu."

Hapo Evanthia alielewa. Alimshika kaka yake ukosi wa shati, akamtikisa, na Stergios alijiachia atikiswe, jambo lililomuudhi zaidi kuliko angemsukuma. Mlinzi aligeuka akatazama barabarani.

Shirika lile lile ambalo kwa siku kumi na mbili halikumwona mteja ofisini kwake, siku hiyo lilimwona kwa robo saa. Mwanamke wa mauzo alifika na karatasi zimekwisha kuchapwa, jina la Prodromos likiwa limeandikwa bila kosa hata moja. Saa saba kasoro Prodromos alitia sahihi, mezani safari hii, bila mzaha. Dakika tatu baadaye taa ziliwaka na simu zikaanza kulia. Aliyeichomeka jozi ni Stergios, kwa mkono wake, kama alivyoahidi.

Evanthia alikuwa amesimama penye mlango wa ofisi. Alitamani Prodromos amtukane, kwa kuwa matusi yake alikuwa ameyazoea tangu utotoni. Mzee hakumtukana.

"Nilikuamini wewe, binti," alisema. "Sikujua kwamba na wewe kuna mtu unamwamini."

Kesho yake ilikuwa sikukuu, na ndiyo siku ya jina la mama yao, aliyeitwa kwa jina la Bikira. Asiyekuja mezani siku hiyo labda awe amekufa. Stergios alikuja na boksi la keki lililofungwa utepe, akambusu mama, akaketi kiti chake cha kila mwaka. Mama alipakua mwanakondoo. Evanthia alimtazama kaka yake akimenya limau, akamchukia, na akajichukia mwenyewe kwa kuwa hakumchukia kiasi cha kuinuka na kuondoka.

"Ningefanyaje, Eva?" Stergios alisema kwa sauti ndogo mama alipoingia jikoni. "Niambie wewe. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nipange foleni."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua ulitaka. Kula, nyama inapoa."

Alhamisi asubuhi, ofisi zilipofunguliwa, Evanthia alipiga simu kwa Mamlaka. Alijibiwa na msichana mpole aliyepekua kumbukumbu zake taratibu, akimwomba radhi kwa kumngojesha.

"Ombi la pili nimeliona," msichana alisema hatimaye. "La tarehe mosi. Limeondolewa Ijumaa, tarehe kumi, na wakala. Ni ninyi wenyewe?"

"Ni sisi."

"Pole sana, dada. Siku zao kumi za kazi zilikuwa zinaisha leo. Wasingehamisha hadi ofisi kufungwa, kesho asubuhi tungewapa amri, nao wangehamisha tu. Mwezi uliopita tumewaamuru mara sita. Lakini sasa mbele yangu hakuna ombi, na pasipo na ombi hakuna aliyekosa. Ilikuwaje mkaliondoa?"

Evanthia akashukuru, akakata simu.

Septemba mabango mekundu yalishushwa. Oktoba Stergios alipata cheo, akawa msimamizi wa zamu, na mama akapika kitindamlo kwa ajili yake kwa kuwa mtoto ni mtoto. Siku ya kuhamisha vitu vya dukani alikuja na gari dogo la kuazima, akashuka akikunja mikono ya shati. Evanthia alikuwa peke yake barazani na meza, viti viwili na kabati la mafaili.

"Niache nikubebee basi," kaka mtu alisema. "Hiyo meza ni nzito, utajiumiza mgongo."

Evanthia aliinama, akaishika meza miguu miwili, akaanza kuiburura mwenyewe kwenye barabara ya mtelemko, hatua kwa hatua, watu wakipisha. Hakugeuka nyuma. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha, na jina lake katika ofisi ya teksi lilikuwa halitajwi tena. Miaka kumi na mitano alikula mkate wake mwenyewe. Akaupoteza kwa siku tano za kumngoja kaka aliyempenda kweli. Ndiyo maana tunaambiwa, nasi hatusikii: mtegemea cha nduguye hufa maskini.